Kwako Gramu: Chumvi Imerudi Mezani

Umetimia mwaka mmoja sasa, mwanangu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumanne, na stuli yako ya karakanani haijakaliwa na mtu mwingine. Si kwamba nimekataza. Wateja wanaiona, wanaizunguka, wanasimama.

Mama yako alitaka tangazo la mistari minne na picha. Nikamwambia mistari minne ni ya mtu aliyeishi kwa mkato. Wewe uliishi miaka thelathini na sita tu, lakini hukuishi kwa mkato. Akasema, "Haya, andika. Ila usijisifu." Nitajitahidi.

Wasiokufahamu wajue kwanza kwamba ulikuwa fundi mizani, kama mimi baba yako. Mizani za dukani, za bucha, za duka la dawa, zote zilipita mikononi mwako. Wenye maduka walikuita Gramu, kwa kuwa ulikuwa huondoki mpaka mshale usimame pale pale panapotakiwa. Ulipoingia sokoni na sanduku lako la mawe ya kupimia, mmoja alimwambia mwenziwe, "Gramu huyo! Leo tutajuana." Nawe ulijibu bila kugeuka, "Mwenye jiwe chini ya meza alitoe mwenyewe, nisije nikainama, mgongo unaniuma." Wakacheka wote, na kweli mmoja wao akalitoa.

Ulihesabu kwa sauti ya chini ukifanya kazi. Ulikula nyanya mbichi kama watu wanavyokula embe. Ulichukia kuambiwa pole. Na kila asubuhi uliniuliza, "Baba, ukurasa wa leo?" kwa sababu mimi husoma ukurasa mmoja wa kamusi kila siku, tangu nilipomaliza masomo yangu ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Ukinikuta sijasoma, hukunipa chai.

Katika karakana yetu kuna kanuni niliyoiweka kabla hujazaliwa. Mizani yenye kasoro haifunikwi kitambaa wala haisogezwi pembeni. Inafungwa kibati chekundu, na juu yake inaandikwa kasoro yenyewe kwa maneno yanayosomeka: mkono umepinda, sahani ya kushoto ni nyepesi. Kila anayeingia anasoma, na hakuna anayepimiwa uongo. Niliisimulia kanuni hiyo kila mahali. Sikujua kwamba siku moja utakuja kunishtaki kwayo.

Ulizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa. Lakini tangu ulipoanza kuota meno, kinywa chako hakikuisha utando mweupe. Mama yako aliusafisha kwa pamba, ukatoka, ukarudi. Kucha zako zikawa nene, rangi ya njano. Ulipokuwa na miaka tisa, vidole vyako vilijikunja ukiwa darasani, ukaanguka, ukatetemeka. Wakasema kifafa, ukameza dawa za kifafa miaka na miaka. Kwa kinywa tulikwenda kwa daktari huyu, kwa kucha kwa yule, kwa kuanguka kwa mwingine. Kila tatizo lilikuwa na daktari wake, na hao madaktari hawakuwahi kukutana.

Kisha ukafika miaka ishirini na miwili, ukaanza kuchoka. Ulikuwa unashinda ndani ya karakana, lakini unazidi kuwa mweusi: mistari ya viganja, ufizi, kovu la goti. Shangazi yako alisema umeungua na jua. "Jua gani, shangazi," ulimwuliza, "la kwenye droo?" Mimi nikaamua ni dawa ya kung'arishia shaba, nikakununulia glavu.

Na ulikuwa unakula chumvi. Si kwenye chakula tu. Uliimimina kiganjani ukailamba ukiwa umesimama, kama mtu anayelamba sukari kwa wizi. Kopo lililotutosha mwezi likawa linaisha kwa wiki. Sasa mimi nilikuwa na kijitabu cha afya kutoka masomo ya jioni, na kijitabu kilisema chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Nilikuwa nimeupigia mstari huo kwa rula. Nikakuita.

"Chumvi inaua," nikakwambia.

"Baba, nisipoila naona nyota."

"Hayo ni mazoea mabaya. Nimesoma."

Nikachukua chumvi yote ya nyumbani, nikaifungia kwenye kabati la vifaa, kufuli dogo la shaba, ufunguo mfukoni mwangu. Mama yako akawa anakuja kuniomba kijiko kabla ya kupika. Nikabandika na karatasi mlango wa jikoni, kwa mwandiko mzuri, kueleza sababu.

Siku ya kumi na moja ulianguka dukani kwa mteja, umepiga magoti mbele ya mizani ya magunia. Walikuleta hospitali juu ya mkokoteni wa mchele, na mwenye duka alikimbia pembeni yako akiwa amekishika kiatu chako.

Hapo ndipo tulipokutana na daktari wa homoni, yule mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Alikutazama ufizi, akakufungua viganja, akauliza habari za kinywa na kuanguka kwa utotoni, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza kwa pamoja. Kisha akanigeukia.

"Anapenda chumvi?"

"Alikuwa anapenda," nikajibu, tena kifua mbele. "Nimeshaikomesha, daktari. Nimeifungia."

Aliweka kalamu chini. "Mzee," akasema taratibu, "chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa inamsimamisha."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, na sikuongeza wala kupunguza.

Ulipozinduka, ukatazama chupa iliyoning'inia juu ya kitanda, ukamwuliza muuguzi kilichomo, kisha ukaniambia kwa sauti ya kukwaruza, "Baba, wananitia maji ya chumvi kwenye mshipa. Na hii utaifungia?" Mama yako alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nilitoka nje nikazunguka jengo zima mara mbili.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Kinga ya mwili, alisema, ni kama askari wa zamu. Ndani yako askari hao walikosa mafunzo tangu kuzaliwa: wanawaachia fangasi mlango wazi, halafu wanageuka kuwavamia wenye nyumba. Waliovamiwa ni tezi, vile viungo vidogo vinavyotengeneza homoni. Kwanza zilikwenda tezi nne ndogo za shingoni zinazolinda kalsiamu. Ndiyo maana vidole vilijikunja, na hakikuwa kifafa hata siku moja. Kisha zikafuata zile zilizokaa juu ya figo, zinazoshikilia chumvi ya mwili na kutupa nguvu ya kuhimili homa. Hizo zikishindwa, chumvi inatoka na mkojo, damu inakosa msukumo, ngozi inakuwa nyeusi hata kwa anayeshinda kivulini. Na mwili, ambao haujasoma kijitabu chochote, unaomba chumvi.

Ulisikiliza yote, ukasema, "Kwa hiyo nina askari wajinga."

"Wajinga na wenye bidii," daktari akakujibu. "Hao ndio wabaya zaidi."

Mkawa marafiki kuanzia hapo.

Nikamwuliza daktari umeyapata wapi haya. Akasema umerithi. Nikamwambia ukoo wangu ni wazima, baba yangu alikufa na meno yake yote. "Ndiyo, mzee," akasema. "Wewe umebeba nusu na mkeo amebeba nusu, na nusu haimwumizi mwenyewe. Mtoto akizipokea zote mbili, ndipo. Kila mtoto wenu ana nafasi moja kati ya nne. Mna mwingine? Mleteni tumpime."

Tulikuwa naye, mdogo wako, wakati ule ana miaka kumi na minne. Nami nikapiga hesabu zangu njiani. Mmoja kati ya wanne. Sisi tuna wawili, na mmoja ameshapata. Basi wa pili amepona kwa hesabu, na wale wengine wawili hatukuwazaa. Niliridhika kabisa. Sikumpeleka. Uliponiuliza, nilikuonyesha kwenye karatasi, na ulipobisha nilikuonyesha cheti changu cha masomo ya jioni.

Wewe uliishi miaka kumi na minne baada ya kitanda kile, na uliishi vizuri. Vidonge vya homoni asubuhi, mchana na jioni. Vya kalsiamu pamoja na chakula. Dawa ya kinywa ukipata utando. Ukiwa na homa unazidisha vya homoni mara mbili bila kumwuliza mtu. Ukitapika, sindano. Uliwafundisha watu wa nyumba nzima kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Shangazi yako alilichoma mpaka likatokea upande wa pili, ukamwambia, "Shangazi, mimi humo nina mfupa."

Ukajitengenezea kibati. Shaba, kipana kama kisanduku cha kiberiti, herufi umezigonga moja moja kwa nyundo, ukakipaka rangi nyekundu: NIKIANGUKA, SINDANO IPO MFUKONI. CHOMA PAJANI. USISUBIRI. Ukakivaa shingoni, juu ya blauzi.

"Kiingize ndani," nikakwambia. "Watu watauliza."

"Ndiyo kazi yake, baba. Waulize."

"Wewe si mizani."

"Mizani ina bahati. Baba yake anasema ukweli juu yake."

Sikuzungumza nawe siku mbili. Maana ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua: nilikuwa nawaambia watu una upungufu wa damu. Damu inapungua kwa yeyote, haisemi chochote kuhusu ukoo wa mtu.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Mwaka jana, mdogo wako akiwa mwalimu wa hesabu na mchumba wa fundi majokofu, kadi za harusi zilishachapishwa. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari, nawe ulikuwa unamenya nyanya. Kalamu nyekundu ikamdondoka. Vidole vyake vikajikusanya, dole gumba likaingia kiganjani, kama mtu aliyefinya chumvi na hawezi kuiachia.

"Tangu lini?" ukamwuliza.

"Uchovu tu, dada. Madaftari sitini haya."

"Uchovu haukunji dole gumba. Nimekuuliza tangu lini."

Akaanza kulia. Ilikuwa miezi mitatu. Alikuwa anaandikia mkono wa kushoto ubaoni na kuwaambia wanafunzi kuwa anawafundisha ukakamavu. "Dada, nakuomba," akasema. "Wakwe wakisikia ni ugonjwa wa ukoo, basi. Nivumilie miezi minne tu, harusi ipite."

Ukaniangalia mimi. Nikasema, "Kila jambo na wakati wake. Harusi kwanza."

"Baba," ukasema, "mwili wake hausomi kadi za mwaliko."

Wiki mbili baadaye ulishikwa na nimonia. Mapafu yako yalikuwa yameshachoshwa na vifua vya miaka mingi, na askari wako waliochanganyikiwa hawakujua pa kwenda. Ulijichoma sindano mwenyewe, ukaingia hospitali kwa miguu yako, ukawasomea wauguzi kibati kabla hawajakisoma. Daktari wako alitueleza baadaye kwamba kwa upande wa homoni kila kitu kilipimwa na kilikuwa sawa hadi mwisho. Kilichokushinda ni kifua. Naliandika hili ili mtu asije akasema tiba yako haikufaa. Ilikufaa miaka kumi na minne.

Siku ya tatu uliivuta barakoa ya hewa pembeni. "Baba. Kibati."

Nikakigusa shingoni mwako. "Hiki hapa, mwanangu."

"Si changu. Cha mdogo wangu."

Nikaanza kusema baada ya harusi.

"Chumvi uliifungia siku kumi na moja," ukasema.

Katika miaka kumi na minne ulikuwa umenitania kwa chumvi ile mara mia, mbele ya wageni na mbele ya wateja. Hukuwahi kuitaja bila kucheka. Siku ile hukucheka.

"Nitawaambia," nikasema. "Nitampeleka, na nitawaambia. Kwa maandishi."

"Usiandike upungufu wa damu."

"Siandiki."

Ukairudisha barakoa mwenyewe, ukainyoosha ikae sawa. Kesho yake asubuhi ukatutoka.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilimpeleka mdogo wako kwa yule mama wa miwani ya kamba. Majibu ya kalsiamu yalipotoka, hakumruhusu hata kutembea hadi langoni. Alimlaza siku hiyo hiyo. Kipimo cha urithi kilichofuata kilisema yale yale yaliyosemwa juu yako. Nikiwa pembeni ya kitanda nikamweleza mdogo wako hesabu yangu ya zamani, ya mmoja kati ya wanne. Alinitazama kama anavyowatazama wa darasa la tano.

"Baba," akasema, "kila mtoto anaanza hesabu upya. Yangu haikujua kama dada ameshapata."

Miaka kumi na minne, na jibu lilikuwa limekaa nami meza moja.

Kisha nikaenda kwa wakwe. Nilivaa koti nililopokelea cheti, nikachukua karatasi mbili nilizoziandika na kuzinakili upya, nikasimama katikati ya sebule yao, nikasoma: askari, tezi, kalsiamu, nusu yangu na nusu ya mke wangu, kifafa kisichokuwa kifafa, na chumvi. Hata chumvi nilisoma. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kaa, mzee," akasema. "Umetusomea kama taarifa ya habari." Kisha akashusha sauti. "Sisi kwetu kuna kisukari tangu kwa babu yake huyu kijana. Tulikuwa tunawaogopa ninyi, msije mkasikia."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Yule fundi majokofu akauliza swali moja tu: "Ikifika siku akahitaji hiyo sindano, inachomwa wapi?"

Nikamwambia, "Lete chungwa."

Harusi ilisogezwa miezi mitano, ikafanyika. Mdogo wako anameza kalsiamu na vitamini yake, na chaki ameirudisha mkono wa kulia. Tezi zake za juu ya figo bado zinafanya kazi. Zinapimwa kila miezi sita, ili siku zikianza kulegea tuwe tumefika kabla yake. Safari hii hatukokotwi kwa mkokoteni.

Kibati chake nilikigonga mimi. Mikono yangu haitulii tena kama zamani, na herufi ya kwanza imekaa upande. VIDOLE VIKIJIKUNJA SI KIFAFA. NI KALSIAMU. HOSPITALI MARA MOJA. Nilimwambia siku ya harusi si lazima akivae. Alikivaa, juu ya gauni. Mpiga picha akamwomba akiingize ndani kidogo, picha itoke vizuri. Akasema, "Piga hivi hivi, kisomeke." Nilikuwa nimesimama kulia kwake, mwanangu, na nilikisogeza kwa kidole kikae katikati.

Nanyi mnaosoma haya, yawafae. Mtoto mwenye utando wa kinywa usiokwisha, akaongeza vidole vinavyojikunja, au uchovu na ngozi inayozidi weusi bila jua, au kiu ya chumvi, msiyatibu moja moja. Yasemeni yote mbele ya daktari mmoja. Msiseme ni upungufu wa damu. Na ndugu zake wapimwe wote. Kila mmoja ana hesabu yake.

Mdogo wako amelisoma tangazo hili kabla sijalipeleka. Amefuta mstari mmoja, niliojisifia. Yale yanayomhusu yeye ameyaacha yote.

Lile kufuli la shaba nimelifungua, nimelitundika karakanani juu ya stuli yako, likiwa na kibati chekundu: Lilifungwa kimakosa. Kopo la chumvi liko katikati ya meza, bila kifuniko, kama ulivyopenda. Mimi natumia kidogo, kwa sababu ya shinikizo. Hilo kijitabu kilisema kweli.

Unakumbukwa na baba yako, ambaye ukurasa wa leo ameshausoma, mama yako, mdogo wako mwalimu na mumewe fundi majokofu, shangazi yako, ambaye sasa anachoma chungwa kwa adabu, daktari wako, na wenye maduka wote ambao mishale yao bado inasimama pale ulipoiacha.

Tutakukumbuka daima, Gramu, kila mkono unaponyooshwa mezani kuomba chumvi, na kila inapopitishwa bila swali.